Somo la Kumi na Tisa: Historia ya Mifano katika Vitabu vya Kompyuta

Yafaa madaftari yawe tayari, maana leo tunazo hesabu za kuandika.

Somo letu la leo ni la historia, lakini si historia ya wafalme wala ya vita. Ni historia ya kitu kidogo ambacho wengi hukipita bila kukitazama mara mbili. Kitu hicho ni mfano unaowekwa katika kitabu cha maelezo. Mtu asoma maelezo marefu, haelewi, kisha auona mfano chini yake, asema, "Kumbe hufanywa hivi!" Hapo ndipo mikono yake huanza kazi.

Zamani nilipokuwa nikifundisha darasa la jioni, niliandika ubaoni mfano wa barua ya kuomba kazi. Nilikuwa na haraka, nikasahau kuandika tarehe. Juma lililofuata nilikusanya barua ishirini na nne za wanafunzi wangu. Ishirini na tatu hazikuwa na tarehe. Ile moja iliyokuwa nayo ilikuwa ya mama mmoja aliyezoea kuandikiana na mwanawe aliye mbali. Nami nilikuwa nimewaeleza kwa mdomo, tena mara mbili, ya kuwa barua haina budi kuwa na tarehe. Hawakuyashika maneno yangu, waliushika mfano. Tangu siku ile nauogopa mfano mbovu kuliko maneno mabovu.

Basi, watu wa kompyuta nao walipatwa na jambo hili hili, na kwao halikuishia katika barua ishirini na tatu.

Kwanza tukumbushane maneno matatu. Programu ni orodha ya amri ambazo kompyuta huzifuata moja baada ya moja. Kompyuta haikisii. Ukiiambia vibaya, itafanya vibaya. Maktaba ya programu ni akiba ya programu ndogo zilizokwisha kutengenezwa, ili mtu asianze kila kazi tangu mwanzo. Ni kama fundi seremala anayenunua bawaba dukani badala ya kufua chuma mwenyewe. Na maelezo ya maktaba ni kitabu kinachomwambia mgeni jinsi ya kuzitumia zile programu ndogo. Ndani ya maelezo hayo ndimo inamokaa mifano.

(Mwalimu wa darasa asimame hapa kidogo, aandike maneno haya ubaoni: programu, maktaba, maelezo, mfano.)

Sasa twende Uingereza, mwaka wa 1949, katika Chuo Kikuu cha Cambridge. Huko mtambo uitwao EDSAC ulianza kazi. Mkuu wa kazi ile alikuwa Bwana Maurice Wilkes. Mtambo wenyewe ulijaza chumba. Ulikuwa na valvu zipatazo 3,000, za namna ile iliyokuwa ndani ya redio za zamani, na kumbukumbu yake ilitunzwa katika mirija iliyojaa zebaki. Tarehe 6 Mei 1949 ulifanya kazi yake ya kwanza: ulipiga chapa orodha ya namba tangu 0 mpaka 99, kila moja ikiwa imezidishwa kwa yenyewe.

Amri za mtambo ule ziliingizwa kwa utepe wa karatasi wenye matundu. Bwana Wilkes alidhani kuandika amri ni kazi nyepesi kwa mtu anayejua hesabu. Alijaribu mwenyewe. Aliandika programu yenye amri 126, na ndani yake mlikuwa na makosa yapatayo ishirini. Baadaye alisimulia kwamba siku moja alipokuwa akipanda ngazi alitambua jambo zito: sehemu kubwa ya maisha yake yaliyobaki ingetumika katika kuyatafuta makosa aliyoyafanya yeye mwenyewe. Mimi naipenda sana habari hii. Mtu mwenye elimu kubwa, mkuu wa mtambo, alisimama kwenye ngazi akaona upungufu wake bila kumsingizia mtu.

Je, walifanya nini? Waliamua kwamba kazi ikiisha kufanywa vizuri mara moja, haifai kurudiwa na kila mtu. Programu ndogo iliyojaribiwa iliandikwa katika utepe wake na kuwekwa akiba. Aliyehitaji, alinakili utepe huo na kuuunga katika kazi yake. Hiyo ndiyo maktaba. Kijana mmoja hodari, Bwana David Wheeler, alifanya kazi kubwa ya kubuni jinsi programu moja iwezavyo kuiita nyingine kisha kurudi mahali ilipoachia. Kufika mwaka wa 1951, maktaba ya EDSAC ilikuwa na programu ndogo 87, zimepangwa kwa herufi. Za herufi P zilikuwa za kupiga chapa majibu, za herufi R zilikuwa za kusoma namba kutoka kwenye utepe, za herufi T zilikuwa za hesabu za pembe.

Lakini tazameni shida iliyozuka. Utepe ni matundu tu. Ukiushika mkononi hauwezi kujua unafanya nini, wala unataka upewe nini kwanza, wala jibu utaliweka wapi. Kwa hiyo kila programu ilihitaji maandishi yake. Mwaka wa 1951 Bwana Wilkes, Bwana Wheeler na mwenzao Bwana Stanley Gill walitoa kitabu kilichokuwa na maelezo ya maktaba yao, na baadhi ya programu ziliandikwa humo amri kwa amri ili msomaji azione. Ni kitabu cha kwanza cha kufundisha kazi ya kuandika programu. Mwaka uliofuata, 1952, Bwana Wheeler alisoma hotuba mbele ya wataalamu mjini Pittsburgh, Marekani. Aliwaambia kwamba programu ya maktaba ikiisha kuandikwa na kujaribiwa, kazi haijaisha. Imebaki kazi ya kuandika maelezo, ili mtu asiyejua mambo ya ndani aweze kuitumia bila taabu. Na kazi hiyo ya mwisho, alisema, huenda ikawa ndiyo ngumu kuliko zote.

Ndugu zangu, maneno hayo yalisemwa na mtu aliyekuwa na umri wa miaka 25, wakati kompyuta za dunia nzima zilikuwa chache sana. Imepita miaka zaidi ya sabini, na wenye maktaba wengi hawajamsikia.

Natupite upesi katika miaka iliyofuata. Mwaka wa 1971, katika maabara za Bell huko Marekani, Bwana Ken Thompson na Bwana Dennis Ritchie walitoa kitabu cha maelezo ya mfumo wao ulioitwa Unix. Kila ukurasa ulifuata mpango mmoja: jina la amri, jinsi inavyoandikwa, maelezo yake, na mara nyingi mwishoni kichwa kilichotaja kasoro zake zijulikanazo. Kukiri kasoro katika kitabu chako mwenyewe ni adabu njema, na wauzaji wengi wa vitu wangeweza kuiiga. Hata hivyo kurasa zile zilimfaa zaidi mtu ajuaye aliyesahau kidogo. Mgeni kabisa alizisoma akabaki mlangoni.

Aliyemfungulia mgeni mlango alikuwa mwenzao wa hapo hapo, Bwana Brian Kernighan. Katika maandishi yake ya kufundisha alianza na mfano mdogo kuliko yote: programu inayoandika salamu tu kwa dunia, maneno mawili ya Kiingereza, basi. Mwaka wa 1978 yeye na Bwana Ritchie walitoa kitabu cha kufundisha lugha ya kompyuta iitwayo C, na mfano huo ukawa wa kwanza ndani yake. Ukaenea dunia nzima. Leo kijana anayejifunza kuandika programu Nairobi au Dar es Salaam, mara nyingi huanza na salamu ile ile.

Wengine huicheka salamu hiyo, wakisema haina kazi. Mimi nasema wanakosea. Mgeni hajui bado lolote: hajui amri ziandikwe wapi, zipelekwe vipi kwa mashine, wala jibu litatokea wapi. Mfano ule unampitisha njia yote kwa mzigo mwepesi. Akiona salamu imetokea, ajua kwamba njia ni nzima. Mzigo mzito ataubeba kesho.

Tena kitabu kile kilikuwa na jambo jingine ambalo halikusifiwa vya kutosha. Waandishi walisema katika dibaji kwamba mifano yote ilijaribiwa moja kwa moja kutoka katika maandishi yenyewe ya kitabu, kwa kuwa maandishi hayo yalikuwa yamehifadhiwa ndani ya kompyuta. Fikirini kazi ilivyokuwa kwa waandishi wengine. Mwandishi aliandika amri kwenye karatasi, mpiga taipu akazinakili, mpanga herufi wa kiwandani akazinakili tena. Kila mkono uliweza kuangusha nukta au mabano, na kompyuta hukataa kazi nzima kwa ajili ya nukta moja. Msomaji alinakili mfano neno kwa neno, ukakataa, naye akadhani mjinga ni yeye. Wangapi walikata tamaa kwa kosa la mpiga chapa! Kernighan na Ritchie waliondoa mikono ile ya katikati.

Lakini hata mfano uliopimwa huzeeka. Salamu ile ya mwaka wa 1978 iliandikwa kwa namna iliyokubalika siku zile, pasipo kutaja ni aina gani ya jibu programu itarudisha. Kanuni mpya za lugha ya C za mwaka wa 1999 ziliikataza namna hiyo. Mfano haukubadilika hata herufi moja. Dunia ndiyo iliyosogea. Basi anayeandika mfano hana budi kurudi kuutazama, kama mwenye nyumba anavyorudi kutazama makuti.

Sasa chukueni kalamu. Tutafanya ile hesabu niliyowaahidi.

Tuseme unayo orodha ya majina 1,000 yaliyopangwa kwa alfabeti, nawe unatafuta jina la Zuhura. Huanzi kusoma tangu Abdallah. Unafungua katikati. Ukikuta Kassimu, wajua Zuhura yuko nusu ya pili, basi nusu ya kwanza waitupa. Wafungua tena katikati ya nusu iliyobaki. Ukifanya hivyo, hutafungua zaidi ya mara kumi. Ni njia nzuri, nayo imo katika maktaba nyingi za programu.

Ili kuipata katikati, kompyuta huchukua namba ya mahali pa kwanza na namba ya mahali pa mwisho, huzijumlisha, kisha hugawanya kwa mbili. Katika orodha ya 1 mpaka 9, moja na tisa ni kumi, nusu yake tano. Sawa kabisa. Mwalimu mmoja maarufu wa Marekani, Bwana Jon Bentley, aliieleza njia hii katika kitabu chake cha mwaka wa 1986, tena akatoa uthibitisho kwamba ni sahihi. Alijua kwamba wengi huikosea, kwa maana alikuwa amezoea kuwapa watu wa kazi hiyo waiandike, na wengi wao waliiandika na makosa. Mmoja wa waliomsikiliza chuoni alikuwa Bwana Joshua Bloch. Baadaye Bloch aliiandika njia hiyo ndani ya maktaba ya lugha iitwayo Java, ambayo watu wengi sana duniani waliitumia.

Mwaka wa 2006 Bwana Bloch alitangaza hadharani kwamba kuna kosa. Lilikuwamo katika maktaba yake kwa miaka ipatayo tisa, nalo lilikuwamo pia katika kitabu cha mwalimu wake.

(Mwalimu aandike ubaoni: 2,147,483,647.)

Namba katika programu ile huwekwa ndani ya kisanduku, na kisanduku hicho hakichukui namba iliyo kubwa kuliko hii iliyoandikwa ubaoni. Haya, tuseme orodha ni kubwa mno, nasi tumefika mahali ambapo namba ya kwanza ni 1,200,000,000 na ya mwisho ni 1,400,000,000. Zijumlisheni. Mmepata 2,600,000,000. Je, itaingia katika kisanduku? Haiingii. Kompyuta haikusimama kusema, "Bwana, imezidi." Iligeuza jumla ile ikawa namba iliyo chini ya sifuri, na programu ikaanguka.

Dawa yake ni nyepesi, nanyi mnaweza kuifanya. Toeni ndogo katika kubwa: mnapata 200,000,000. Gawanyeni kwa mbili: 100,000,000. Ongezeni juu ya ile ya kwanza: 1,300,000,000. Katikati ni ile ile, na hakuna namba iliyokizidi kisanduku.

Kwa nini kosa lilijificha muda wote huo? Kwa sababu kitabu kilipoandikwa, orodha zenye majina bilioni moja hazikuwako kwa watu wa kawaida. Kosa lilingoja mpaka kompyuta zikue. Sisemi haya ili kumdharau Bwana Bentley. Kitabu chake kimewafundisha maelfu. Nami namheshimu Bwana Bloch zaidi kwa kuwa alilitangaza kosa lake kwa mkono wake. Lakini oneni njia lililopitia: kutoka kwa mwalimu kwenda kitabuni, kutoka kitabuni kwenda maktaba, kutoka maktaba kwenda kwa kila aliyeitumia.

Mwaka wa 1999 Bwana Tim Peters, mmoja wa watengenezaji wa lugha iitwayo Python, alileta wazo lililo rahisi kabisa. Alisema hivi: katika maelezo, baada ya kila mfano, tuandike na jibu linalotarajiwa. Kisha programu moja iyasome maelezo hayo kama mkaguzi wa shule asomavyo madaftari. Iutafute kila mfano, iufanyishe kazi, ilinganishe jibu lililopatikana na lililoandikwa. Yakitofautiana, ipige kelele. Chombo hicho kilianza kutolewa pamoja na Python yenyewe mwaka wa 2001. Lugha zilizokuja baadaye, kama Go iliyofikia toleo lake la kwanza mwaka wa 2012 na Rust iliyofikia lake mwaka wa 2015, ziliweka desturi hiyo ndani yake tangu mwanzo.

Kwa maoni yangu haya ndiyo mageuzi makubwa katika habari yetu ya leo. Zamani mfano uliharibika kimya kimya, na wa kwanza kujua alikuwa mgeni, yaani mtu asiye na nguvu ya kusema kwamba kosa si lake. Sasa wa kwanza kujua aweza kuwa mwenye maktaba.

Ila mkaguzi huyo ana mipaka yake. Aweza kusema kwamba mfano unafanya kazi. Hawezi kusema kama unaeleweka. Mifano mingi imejaa majina ya mchezo, "foo" na "bar", ambayo hayana maana yoyote. Ni utani wa zamani wa watu wa kompyuta wa Marekani. Mgeni wa Mwanza au Kampala hukaa akijiuliza "foo" ni amri au ni jina. Mfano ungesema "bei" na "jumla" angeelewa mara moja. Mwaka wa 2009 profesa mmoja wa Kanada, Bwana Martin Robillard, alitoa matokeo ya kuwauliza waandishi wa programu wa kampuni ya Microsoft kuhusu kinachowazuia kujifunza maktaba mpya. Hao si wageni, ni watu wa kazi. Nao walilalamika kuhusu maelezo, na hasa upungufu wa mifano ifaayo. Mfano uonyeshao amri moja peke yake haukuwatosha. Walitaka kuona jinsi amri kadhaa zinavyoshirikiana katika kazi ya kweli.

Wala mkaguzi hawezi kusema kama mfano ni salama. Hapa pana hatari ya kweli. Tuseme ofisi ina ukurasa wa kompyuta ambao mwananchi huandika jina lake, na mashine humtafutia habari zake katika kumbukumbu. Programu mbovu hulichukua aliloandika mtu na kulibandika ndani ya amri bila kulitazama. Mwema ataandika Asha binti Juma. Mwizi ataandika amri nzima mahali pa jina, na mashine itaitii: itamfungulia habari za watu wote. Kinga yake yajulikana siku nyingi. Lakini mifano mingi ya kufundishia iliiacha kinga hiyo ili mfano uwe mfupi.

Mwaka wa 2017 wachunguzi walilitazama jambo hili. Walichukua mifano mibovu kutoka katika masomo yanayosomwa na wengi, wakaenda kuitafuta ndani ya programu 64,415 zilizoandikwa kwa lugha ya PHP na kuwekwa wazi kwa umma. Wakakuta nyufa 117 zilizofanana sana na amri za masomo yale. Watu walikuwa wamenakili, kama wanafunzi wangu walivyonakili barua isiyo na tarehe.

Basi tumefika mwisho wa saa yetu. Kazi ya juma hili ni hii. Kila mmoja aandike maelezo ya kazi moja anayoijua vizuri: kupima kitambaa cha shati, kuchanganya dawa ya kunyunyizia pamba, kutuma fedha kwa simu, lo lote lile. Chini ya maelezo aweke mfano mmoja wenye namba za kweli na jibu lake. Kisha ampe mtu ambaye hajapata kuifanya kazi hiyo, akae kando, asiseme neno hata kama ulimi unamwasha. Pale mtu yule atakaposimama na kukuna kichwa, mwandishi atie alama katika karatasi yake. Karatasi zenye alama ndizo nizitakazo, si zile safi. Walimu wa madarasa wazikusanye kabla ya kipindi kijacho.

Somo la ishirini litakuwa juu ya namba hasi, zile zilizo chini ya sifuri, ambazo leo mmezisikia zikimwangusha Bwana Bloch. Kwaherini.